Wheel Horse C-120 ya zamani: miaka mitatu kwenye parsele yangu hapa Lubumbashi

Nianze na bei ju najua ndiyo kila mtu anauliza kwanza. Nilitoa dola 700 kwa hii kitrakta ikiwa imekufa kabisa, mipira ya nyuma yote miwili chini, haina batri, kiti kimepasuka katikati na ndani ya sponji panya walishazaa. Ilitoka Ubelgiji ndani ya kontena ya okazyo (mitumba), ikapita Dar es Salaam, ikapita mpaka wa Kasumbalesa, ikashushwa kwenye depo moja ya Kampemba katikati ya mafrigo na baiskeli za watoto. Kijana aliyekuwa anauza aliniuliza, "Papa, hii iko trakta ya kweli ao iko kitu ya batoto kuchezea?" Nikamwambia iko ya kweli, fungua tu hiyo kofia ya moteri uone chuma. Leo miaka mitatu imepita, mtu akinipa dola 2000 simwachii.

Parsele yangu iko upande wa barabara ya Kasapa, kubwa kidogo, mbele gazoni (nyasi za kukatwa fupi) na miembe, nyuma mahindi na matembele, na kona moja kichuguu kile cha kwetu Katanga ambacho hata babu alikikuta. Mtu wa hapa anajua mvua ikishika kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu majani hayana huruma, unakata leo, baada ya siku kumi yako kwenye magoti. Nilikuwa nalipa vijana wawili na kupe-kupe zao, siku mbili nzima, na mara nyingine wakikosa kuja nyoka wanakuja wenyewe. Kwa hiyo mimi sikuinunua kama pambo, niliinunua ifanye kazi, mapenzi yalikuja baadaye.

Kwa asiyezijua hizi mashine: siyo trakta ya shamba kama Massey Ferguson, ni trakta ya bustani, unakaa juu yake, moteri ya silinda moja iko mbele yako, na mashine ya kukata gazoni inaning'inia chini ya tumbo kati ya mipira ya mbele na ya nyuma. Wheel Horse walianza mwaka 1946 kule South Bend, Indiana, Marekani, baba na mtoto wake, Elmer na Cecil Pond. Hilo jina ni la yule farasi anayefungwa karibu kabisa na gurudumu la mkokoteni, ndiye anabeba uzito kuliko wenzake walio mbele. Mwaka 1974 kampuni ikanunuliwa na American Motors, wale waliokuwa na Jeep wakati ule, na mwaka 1986 ikaenda kwa Toro. Yangu ni ya kipindi cha American Motors. Moteri ni Kohler K301, nguvu farasi 12, na buate ya vitesi (giaboksi) wanaiita ya vitesi nane, maana yake sita za mbele na mbili za nyuma, una levi moja ya vitesi na nyingine ndogo ya kuchagua polepole ao haraka.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, ju hapa ndipo watu wanapoteza mashine nzuri.

Siku niliyoileta nyumbani niliita fundi, sitaji garaji yake. Akatoa buji (plagi), akafunga kipimo cha kompresyo, yaani nguvu ya hewa inayokandamizwa ndani ya silinda, akazungusha moteri na batri ya motokari yake, sindano ikapanda kidogo tu. Akatingisha kichwa. "Papa, hii moteri iliisha. Pistoni imekwisha, silinda imekwisha, tufungue tupeleke kurabota, wachonge silinda upya." Akapiga hesabu, dola 400 bila piesi (spea). Mimi nilikubali karibu, niliona pesa yangu imekwenda na maji. Bahati nikampigia mzee mmoja wa komini ya Kamalondo ambaye enzi zake alitengeneza Peugeot 404 na Volkswagen mpaka mikono ikawa na rangi ya mafuta, naye akaja jioni na mfuko wake wa kle (spana). Hakugusa kipimo. Alishika moteri kwa mkono, akaizungusha kinyumenyume taratibu mpaka ikafika kwenye kompresyo, akaipa msukumo mmoja, na moteri ikamrudishia mkono kwa nguvu, puu, kama mlango uliosukumwa na mtu upande wa pili. Akacheka. "Iko muzima."

Siri yake ni hii: hizi Kohler K zina kifaa kwenye kamshafti kinachoiacha valvu ya moshi wazi kidogo wakati moteri inazunguka polepole, ili demareri (stata) isihangaike kuiwasha. Moteri ikishika mwendo chenyewe kinajitoa. Kwa hiyo ukipima kompresyo kwa demareri utapata namba ya maiti hata kama moteri ni mpya. Ukiizungusha kinyume hicho kifaa hakifanyi kazi, ndiyo unaona kompresyo ya kweli. Sijui moteri ngapi hapa mjini zimefunguliwa bure ju ya hii kitu moja. Kama uko na Kohler ya zamani usimruhusu mtu afungue kilasi (kifuniko cha juu cha silinda) kabla hajaizungusha kwa mkono mbele ya macho yako.

Kabla ya kuiwasha yule mzee alikataa kabisa, akasema kwanza tuvue bati la feni. Moteri hii haina maji, inapozwa na upepo tu, feni inasukuma hewa chini ya bati ipite kwenye mapezi ya silinda. Tukafungua bulo (bolti), tukanyanyua bati, na pale chini hukuona chuma, uliona kiota. Majani makavu, manyoya, mafuta yaliyoganda pamoja na vumbi mpaka yakawa kama matofali, yamejaa kila nafasi kati ya pezi na pezi. Tukachimba na bisibisi na mswaki wa zamani saa nzima. Kama tungeiwasha vile ingechemka na kukwama kwenye dakika 20 tu, halafu tungesema okazyo za Ulaya ni mbovu. Mimi sasa kila mwaka mwezi wa kumi na moja, maua ya jakaranda yakishaanguka, navua lile bati, ju maua yale yananata na feni inayavuta yote ndani.

Moto wake ni wa platine, vile vidole viwili vya chuma vinavyofunga na kuachia umeme wa buji, siyo ya kompyuta. Na kitu kizuri sana walichofanya Kohler, platine hazikufichwa ndani, ziko nje pembeni ya moteri chini ya kifuniko kidogo, kijiti kinatoka ndani kinazisukuma. Unafungua, unapitisha karatasi ngumu safi katikati mpaka itoke bila weusi, unapima nafasi milimita 0.5, unafunga. Buji unaweka 0.9. Bobine (koili) ni ya volti 12 kama ya motokari za zamani, kondansateri pia, sikuagiza Marekani, nilipata kwa yule mzee kwenye boksi lake la piesi za Volkswagen. Jioni ile ile ikawaka. Sauti yake ni nzito, tuf tuf tuf, unaihesabu moja moja ikiwa polepole, na mama ya watoto alitoka jikoni na mwiko wa bukari mkononi akasimama kwenye baraza akatazama bila kusema kitu, halafu akasema, "Sasa ifanye kazi."

Na imefanya. Deki yangu ni ya inchi 42, visu vitatu, gazoni yote ya mbele namaliza saa moja na robo, ile ambayo vijana walitumia siku. Majani yakiwa marefu naweka vitesi ya kwanza upande wa polepole na moteri kwa nguvu yote, inakula bila kusonga. Hapo kosa la wengi ni kupunguza gesi wakidhani wanaionea huruma, kumbe visu vinahitaji mwendo na feni inahitaji mwendo, ukikata na gesi ndogo unaichemsha.

Kitu kingine cha kwetu ni urefu wa nchi. Lubumbashi iko kama mita 1200 juu ya bahari, na moteri ya kawaida bila tabo inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300, kwa hiyo ile farasi 12 ya kwenye karatasi hapa ni kama kumi na nusu. Na hewa ikiwa nyepesi, esansi (petroli) inakuwa nyingi kuliko hewa, ndiyo maana yangu ilikuwa inatoa moshi mweusi na buji inakuwa kama mkaa. Karbirateri ya hii Kohler ina sindano mbili unazozungusha kwa mkono, moja ya polepole na moja kubwa ya kazi. Niliifunga ile kubwa taratibu mpaka mwisho bila kuikaza, nikafungua mizunguko miwili kama wanavyoanza, halafu nikiwa nakata majani mazito nikaifunga robo kwa robo mpaka sauti ikawa kavu na moshi ukaisha. Buji sasa inatoka na rangi ya chokoleti. Hii nafasi ya kurekebisha mwenyewe, karbirateri nyingi za mashine mpya hazikupi, zimefungwa kiwandani, na kiwanda hakijawahi kuona Lubumbashi.

Sasa matatizo, na yako, sifichi.

La kwanza ni kle. Bulo zote ni za inchi. Kle ya 13 unaweza kudanganya kwenye bulo ya nusu inchi, lakini ile ya tisa ya kumi na sita ni milimita 14.3, kle ya 14 haiingii na ya 15 inakula kona zake mpaka inakuwa mviringo. Niliharibu bulo mbili mwanzoni. Bahati yetu watu wa hapa ni migodi, mashine za Caterpillar ni za inchi, kwa hiyo mafundi wa migodi wanazo hizo kle na zingine zinatoka Zambia. Nunua seti moja nzuri siku ile ile unayonunua trakta, usingoje.

La pili ni kurwa, ule mkanda wa mpira unaozunguka kwenye puli, na hapa nilipata hofu ya kweli. Kurwa ya kutoka moteri kwenda kwenye buate ndiyo ambreyaji (klachi) yenyewe, ukikanyaga pedali kurwa inalegea na brake inashika, ukiachia inakaza na trakta inakwenda. Nilikwenda kwenye butike moja mjini nikapeleka ya zamani, muuzaji akapima urefu akanipa moja akaniapia ni ile ile. Ilikuwa kurwa ya altaneta ya motokari. Ile imetengenezwa kushika muda wote, haijui kuteleza. Asubuhi nikaiwasha, nikaachia pedali kama kawaida, trakta ikaruka. Mipira ya mbele ikanyanyuka kutoka chini, nikakanyaga pedali na haikuacha kuvuta, ikaenda na mimi mpaka kwenye mgomba, mgomba ukalala. Mtoto wangu alikuwa amesimama pale dakika mbili kabla. Nilizima, nikakaa chini, mikono inatetemeka. Nilipomrudishia muuzaji akasema mimi ndiye sijui kuendesha. Kwa hiyo sikia: omba kurwa ya mashine za bustani, ile yenye kitambaa nje, na angalia vile vidole vya chuma vinavyozunguka puli, kazi yake ni kuisukuma kurwa itoke kwenye puli ukikanyaga pedali. Vikipinda, kurwa inabaki inashika hata ukikanyaga. Vyangu vilikuwa vimepinda pia, kwa hiyo makosa yalikuwa mawili pamoja. Nilivinyoosha, nikapata kurwa sahihi kupitia ndugu anayesafiri Johannesburg, dola 35, na mpaka leo inaondoka taratibu kama ng'ombe aliyefundishwa.

Brake ni moja tu na iko kwenye buate. Kwenye mteremko usibadilishe vitesi, chagua ukiwa bado juu kwenye usawa halafu shuka nayo hivyo hivyo. Sukani ni nzito na ina uchezo. Mtikisiko ni mwingi, silinda moja ni silinda moja, baada ya saa mbili mikono inaendelea kunguruma hata ukiwa umeshika kikombe. Esansi inakunywa, kazi nzito kama lita tatu kwa saa, na ukinunua kwa bakadhafi, wale wauza esansi wa barabarani, ichuje kwa kitambaa, mimi nimekuta maji ndani ya kopo la karbirateri mara tatu.

Na vumbi la kiangazi. Mwezi wa saba, wa nane, ile nyekundu yetu inaingia kila mahali, na vumbi likipita kwenye filta ndilo linamaliza silinda, siyo uzee. Sponji ya nje ya filta naiosha na sabuni, naikausha, matone machache ya mafuta, kila wiki. Karatasi ya ndani siipulizi na kompresa, napiga tu taratibu kwenye ukuta. Mafuta ya moteri, SAE 30, karibu lita mbili, nabadilisha kila saa 25. Buate inataka mafuta mazito ya 90, nayo karibu lita mbili, na ya kwangu yalipotoka mara ya kwanza yalikuwa na rangi ya maziwa ya chai kwa maji yaliyoingia, nikaosha na mazutu (dizeli) mara mbili mpaka yakatoka safi.

Kulima je? Wengi wananiuliza. Nina jembe la kuvuta la inchi 10, linafungwa nyuma. Mwezi wa kumi udongo wetu ukiwa kama tofali usijaribu, mipira inazunguka bure unachimba mashimo. Ngoja mvua ya tatu ao ya nne, udongo ukikubali kidole, hapo inalima vizuri, mstari mmoja mmoja bila haraka. Siri ni uzito. Mipira ya nyuma, 23x8.50-12, niliweka yenye meno na ndani nikajaza maji robo tatu. Kule Ulaya na Marekani wanachanganya dawa ili maji yasigande barafu ikaharibu, sisi hapa hata usiku wa mwezi wa sita wenye baridi yake maji ya bomba yanatosha. Kichuguu usikiguse, mimi nilijaribu na ile blade ya mbele, ilikwangua ngozi tu, kile ni cha watu na chepeo na mtarimbo, na udongo wake ni wa matofali.

Jirani yetu mmoja upande wa mtaa wa Golf alinunua mashine mpya ya kukata gazoni, ya kukaa juu, nzuri kwa macho, pesa mara nne ya yangu na zaidi. Msimu wa pili ikaanza kupoteza nguvu kwenye mteremko mpaka ikagoma kabisa. Buate yake ni ya mafuta ya presha, imefungwa, haina hata mahali pa kumwaga mafuta, fundi akaizunguka mara tatu akasema Papa, hii wanabadilisha nzima. Yangu ilipovuja kwenye ekseli nilitoa gurudumu, nikachomoa sili, nikaipeleka kwenye duka la rulema (beringi) mjini, wakapima, wakanipa, jioni niko kazini. Rulema za deki vilevile. Chuma kilichotengenezwa ili kifunguliwe tena ni kitu kingine, na mji wetu una mikono ya kukifungua.

Tangu hapo ugonjwa umeingia, sasa niko nazo tatu. Wheel Horse nyingine bila moteri niliyonunua kwa ajili ya piesi lakini naiona nzima mno, nashindwa kuikata, na Gutbrod Superior ya Ujerumani ambayo bado inalala. Yule mzee wa Kamalondo anakuja Jumamosi, na kijana wangu mkubwa wa miaka 16 anashika kitabu, kila bulo inaandikwa ilitoka wapi, kila piesi picha kabla ya kutoka. Rangi sijapaka. Watu wananiambia paka nyekundu mpya itang'aa, lakini pale kwenye kofia rangi imechakaa pale pale ambapo mkono wa mtu fulani Ubelgiji ulikuwa unashika kufungua miaka na miaka, na sasa mkono wangu unashika hapo hapo. Siwezi kufunika hiyo na rangi ya kopo.

Kwa kuhesabu yote: 700 ya kununua, mipira 180, batri 60, kurwa 35, kle, mafuta, sili, vidogo vidogo, kama 1150 mpaka ikasimama sawa. Kama parsele yako ni ndogo, nunua mashine ya kusukuma, hii itakuchosha bure. Kama huna mtu anayejua platine, mtafute kwanza kabla ya trakta, wako bado, wazee wa komini zetu za Kamalondo na Kenya, wengi wamekaa nyumbani hakuna anayewaita. Na ukiwa depo, usiangalie rangi, soma kibati kwenye bati la feni la moteri, kuna modeli na namba ya spesi, hiyo herufi S baada ya K301 maana yake inawaka kwa demareri. Bila hizo namba usiagize piesi yoyote.

Mimi kwa sasa natafuta deki ya inchi 36 ya hii C-120, ya kupita kati ya miembe ambapo ile ya 42 inagusa. Aliyeiona kwenye kontena yoyote, hata kama imetoboka, nitumie picha ya chini kwenye puli zake, ya juu siihitaji.